Oveni Yako na Namba Tisa

Nekesa wangu,

Sikuulizi hali, maana umenipigia simu tangu asubuhi hadi najua bei ya kila mkebe wa kuokea ulioko Lwakhakha, upande wetu na upande wa Uganda. Mara ya mwisho umesema mmefika Chwele, gari limejaa, na nisithubutu kula bila wewe. Sawa. Nimekaa nyuma ya nyumba kwenye kiti cha plastiki, jua bado liko juu ya mahindi ya jirani, na nakuandikia mbiombio kabla hujagonga geti. Uniwie radhi kwa mwandiko. Ni furaha! Sababu yake iko hapa mbele yangu chini ya turubai la bluu. Inanifika kifuani. Ukiingia utaiona kabla hujaniona mimi, na najua utapiga nduru, kwa hivyo nimeshamwonya jirani asije mbio na panga.

Barua hii utaisoma kesho ukishafika Bungoma. Nitaiweka ndani ya ile sufuria kubwa, juu ya mwiko, mahali ambapo lazima mkono wako ufike. Ningekusimulia kwa mdomo, lakini unanijua. Kitu kikinifurahisha narukia mwisho kabla ya mwanzo, baba yako anaanza kunirekebisha, na tunaishia kugombana juu ya nani alisimama wapi. Tena kuna neno moja humu ndani ambalo nikikuambia uso kwa uso nitalia, na nimeapa kesho silii mbele ya dereva wa pikapu.

Sitakuambia ufunge mlango vizuri, wala uchemshe maji, wala usimpe kila mtu mkate wa deni. Hayo shangazi yako wa Kabuchai amekuambia hadi umeyaota. Mimi nataka kukuambia habari ya oveni.

Ndiyo, oveni. Ile! Ile ya gesi ya ghorofa mbili kutoka jikoni kwa chuo cha kanisa, ile uliyojifunzia kuoka, ambayo mlango wake wa chini haufungi mpaka uupige goti. Chuo kilipofunga darasa la upishi na kanisa likatangaza kwamba vyombo vyote vitauzwa ili zahanati ipate paa, wewe ulisema nini? Ulisema, “Mama, hiyo si ya watu kama sisi.” Na leo umeenda kununua mikebe, uanze na jiko la makaa na sufuria ya mchanga wa moto wa kuokea. Ulisema ukicheka, lakini nilikuona ukiuparuza mchanga kwa kidole. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nilisema moyoni, huyu mtoto haendi Bungoma na mchanga, mimi nikiwa hai.

Sasa nianze pale pa kuanzia, kabla sijaruka.

Unajua minada ya kanisa letu. Ibada inaisha, mtu ameleta jogoo, mwingine mkungu wa ndizi, na mzee wa kanisa anamwinua jogoo juu ya kichwa. “Mia tano! Nani anaongeza? Huyu jogoo ameokoka!” Watu wanacheka, mikono inapanda, na pesa zinapatikana. Ni raha. Ila ubaya wake ni kwamba kila mtu anauona mkono wako. Wakubwa wanashindana hadi jogoo anafika bei ya mbuzi, na mwenye kidogo anabaki kupiga makofi.

Mimi mnada huo uliniuma mara moja, na sijawahi kukuambia. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, wewe bado hujazaliwa. Mama mmoja alikuwa anahama Kitale, akaachia kanisa cherehani yake ya miguu iuzwe. Nekesa, nilikuwa naijua cherehani ile! Shangazi alikuwa amenifundisha kushona, na nilikuwa na pesa yangu ya maziwa imefungwa kwenye pindo la lesso. Mnada ukaanza, nikainua mkono. Mwingine akaongeza, nikainua tena. Watu wakanyamaza, mzee wa kanisa akaanza kuhesabu, nikajua ni yangu. Ndipo mkono mmoja ukapanda upande wa wanaume. Nikageuka. Ulikuwa mkono wa babu yako wa Tongaren.

Si unajua vile tunaishi naye. Kwetu mke wa mtoto hampi baba mkwe mkono. Akiingia kwa mlango wa mbele, wewe unatokea wa jikoni. Salamu ni ya mbali, macho yako chini, na ukiwa na neno linapitia kwa mtu wa tatu hata kama mnasikiana. Sasa mtu wa namna hiyo utampandia bei mbele ya kanisa zima? Nikashusha mkono, nikajifanya nilikuwa natengeneza kitambaa kichwani. Cherehani ikaenda Tongaren.

Na huko ikakaa. Kila tulipoenda kumsalimia nilikuwa naiona ndani ya ghala, magunia juu yake, kuku ametagia kwenye droo. Sikusema neno kwa mtu, hata kwa baba yako. Nilimkasirikia mzee yule miaka yote hiyo, kwa heshima kubwa sana.

Sasa njoo kwa leo. Huu mtindo mpya umeletwa na Mama Mchungaji, aliuona mahali fulani Eldoret. Anauita mnada wa kimya. Sisi wanawake tulimcheka, tukamuuliza kama ni mnada ama ni matanga. Akatufundisha polepole, na mimi nakufundisha vilevile, maana utaukuta tena mbele ya safari.

Vitu vyote vinapangwa ndani ya ukumbi. Mbele ya kila kitu kuna karatasi iliyobanwa kwenye ubao mdogo, na kalamu imefungwa uzi isitembee. Juu ya karatasi wameandika ni kitu gani, bei inaanzia wapi, na kila anayeongeza asiongeze chini ya kiasi gani, ili mtu asije akakupita kwa shilingi tano za kukuudhi. Mlangoni unajiandikisha kwa karani na kupewa namba. Jina lako linabaki naye. Ukipenda kitu, unaandika namba yako na bei yako, unaenda zako. Akija mwingine anaandika chini yako bei kubwa zaidi. Ukirudi ukikuta umepitwa, unaandika tena, hata mara kumi. Kengele ikilia, kalamu chini, na bei ya mwisho kwenye karatasi ndiyo imeshinda. Hakuna anayepayuka, hakuna anayehesabu mikono. Lakini ukiandika umeandika, huwezi kurudi kufuta ati umebadilisha nia.

Mimi niliposikia neno “namba” moyo wangu uliruka. Namba haina baba mkwe! Namba haina mume, haina ukoo, haina kitambaa cha kutengeneza kichwani. Nilikuwa naenda kununua kitu nikikitaka, na hakuna mtu angejua ni nani anakitaka.

Jana baba yako nami tulikaa tukakubaliana bei yetu ya mwisho. Mahindi yalikuwa yameuzwa, zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika, na pesa ya pikapu tukaitenga kando. Tukafika elfu hamsini na tano. Mama Mchungaji alikuwa ametuonya kwamba bei ya mwisho mtu huikata nyumbani, kwa sababu mule ndani akili hutoka. Nikaiandika kwenye kiganja kwa biro ili nisijidanganye.

Nimefika mapema, kati ya wale wa kwanza, nikapewa namba nne. Oveni ilikuwa pale mwisho wa ukumbi, wameipangusa inang'aa. Nikaandika namba yangu na bei ya kuanzia, halafu nikafanya ujinga: nikasimama kando yake mikono kifuani, ninailinda. Mtu akikaribia namkazia macho. Mama Mchungaji akaja akanivuta kiwiko.

“Mama Nekesa, wewe unaitangaza hii kitu.”

“Mimi? Si nimesimama tu.”

“Umesimama kama askari. Kila mtu anajiuliza kuna nini hapo. Hebu nenda ukaangalie mabakuli.”

Nikaenda kwa mabakuli. Nikaenda kwa viti, nikaenda kwa toroli. Ili nionekane mtu asiye na haja na oveni nikaipenda saa moja ya ukutani yenye picha ya twiga, nikaisifu kwa sauti, hata nikaandika bei. Nekesa, hakuna mtu mwingine duniani aliyeitaka saa hiyo. Nimeishinda! Iko ndani ya sanduku lako, imefungwa kwa sweta yako ya kijani. Itundike dukani na mtu akiuliza sema ni zawadi.

Nilipozunguka nikarudi kwa oveni, chini ya namba yangu palikuwa na namba tisa. Ameongeza. Nikaongeza. Nikaenda kunywa chai hemani, nikarudi, namba tisa tena, ameandika kwa nguvu hadi kalamu imetoboa karatasi. Nikaongeza. Wengine wawili walijaribu mara moja moja wakachoka, tukabaki mimi na yeye, nne, tisa, nne, tisa, tukishuka na karatasi.

Nikaanza kumtafuta kwa macho. Na nilimpata, au nilidhani nimempata: bwana mmoja wa hoteli pale mjini, koti la kahawia, amesimama karibu na vyombo vya jikoni na haondoki. Nilimchukia mtu huyo, Mungu anisamehe. Nilichukia koti, nikachukia viatu. Alinisalimia vizuri kabisa, “Habari mama,” nami nikamjibu kwa pua. Nilisema moyoni, wewe una hoteli, una wateja, na bado unataka kumnyang'anya mtoto wangu goti lake la kupigia mlango.

Babu yako naye alikuwepo. Alikuja kutoka Tongaren asubuhi, amevaa kofia yake nzuri. Nilimsalimia kwa mbali, nikadhani amefuata lile bomba la kunyunyizia dawa. Ukumbi una milango miwili. Nikimwona anakuja kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma kama kawaida. Na yeye akiniona niko ndani, anasimama nje anatazama mawingu mpaka nitoke. Tumefanya hivyo siku nzima, yeye anaingia mimi natoka, mimi naingia yeye anatoka, na sikufikiria kitu. Si ndivyo tumeishi tangu niolewe?

Basi, Mama Mchungaji akazunguka akisema kwa sauti ya chini, dakika tano. Nikaingia mbio. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja ananing'inia juu ya karatasi yake, hakuna anayepumua. Nikafika kwa oveni. Namba tisa: elfu hamsini na tano.

Nikatazama kiganja changu. Wino ulikuwa umeyeyuka kwa jasho, lakini sikuhitaji kuusoma. Ile ile. Bei yetu ya mwisho, na aliyeiandika si mimi. Nikashika kalamu. Nitakuambia ukweli, akili ilitoka kama tulivyoonywa. Niliwaza pesa ya pikapu. Nikaiona hata ilipo, kwenye kopo la majani chai. Nikasema, ongeza elfu moja tu, moja tu. Halafu nikaona oveni ikikaa hapa Kitale na duka likikaa kule Bungoma, na wewe katikati huna gari. Nikaiachia kalamu. Nikarudi pale pale nilipokuwa siku ya cherehani, mkono unashuka, na mdomo umefungwa.

Na hapo, Nekesa, sijui nini kilinishika. Nikapayuka.

“Namba tisa ni nani?”

Ukumbi mzima ukageuka. Mama Mchungaji akaweka kidole mdomoni. “Mama Nekesa! Huu ni mnada wa kimya bana!”

“Nimenyamaza vya kutosha. Namba tisa ni nani? Ni wewe mwenye koti?”

Yule bwana akaruka nyuma. “Mimi? Mimi ni thelathini na mbili, mama! Nangojea sahani!”

“Basi namba tisa anisikie popote alipo. Hii oveni naitaka. Mtoto wangu alijifunzia hapa. Kesho anaenda Bungoma kufungua duka la mikate na hana kitu, ana sufuria na mchanga. Pesa yangu imefika mwisho, siwezi kuongeza hata ndururu. Lakini naitaka. Nimesema.”

Sasa ndiyo ulikuwa mnada wa kimya kweli. Halafu nje, nyuma ya mlango wa mbele, nikasikia mtu anakohoa, na kikohozi hicho nakijua.

“Ati mtoto gani?”

“Nekesa,” Mama Mchungaji akajibu.

“Mwambieni huyo mama namba tisa ni mimi.” Babu yako alikuwa amesimama nje kwa sababu mimi niko ndani! “Na mwambieni mimi pia namnunulia Nekesa. Sasa yeye ananipandishia bei ya nini?”

Kengele ikalia.

Watu walicheka, Nekesa, walicheka hadi mzee mmoja akakaa kwenye toroli la mnada. Yule wa koti la kahawia alikuwa anafuta machozi na leso. Mimi sikujua nilie au nicheke, nikafanya yote. Tulikuwa tumepandishiana bei wenyewe kwa wenyewe, mtu na baba mkwe wake, kutoka juu ya karatasi hadi chini, kwa sababu hakuna mmoja angemsogelea mwenzake aulize. Mama Mchungaji akasema, “Wanunuzi wakielewana kabla ni wizi. Nyinyi mmeelewana mkiwa mmechelewa, paa la zahanati linasema asante.” Bei haikushuka hata kidogo. Umeandika, umeandika.

Kwa hivyo aliyeshinda oveni ni babu yako. Nataka ulijue hilo vizuri. Mimi niliishiwa.

Baba yako alifika wakati huo na habari ya pikapu, akaonyeshwa karatasi, nne, tisa, nne, tisa. Alicheka akainama. Nikamwambia, nenda umwambie mzee nusu ya hiyo pesa ni yangu, nimeileta na siirudishi nyumbani. Akaenda, akarudi. “Anasema umwambie mwenyewe. Anasema leo umeonyesha una sauti.”

Nikaenda. Nilisimama hatua zile zile za heshima, macho chini, lakini nilisema. Nilisema nusu ni yangu. Akasema sawa, nusu na nusu, na kwamba alikuwa amekusikia wewe mwenyewe siku ile ulipoenda kumuaga, ukisema utaanza na mchanga, akakosa usingizi. Aliuza ndama. Hakumwambia mtu. Alisema, “Mimi nilidhani namba nne ni huyo mtu wa hoteli. Nimemwangalia vibaya siku nzima.” Masikini mtu wa watu, alitoka hapo na sahani zake na laana zetu mbili.

Halafu, kwa vile mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikauliza habari ya cherehani.

“Cherehani gani?”

“Ya mnada. Ile iko ghalani.”

Alifikiria sana. Akavua kofia. “Ile? Nilimwonea mchungaji huruma. Niliona watu wameacha kupandisha, nikasema isiondoke kwa bei ya bure. Kwani ni nani alikuwa anaitaka?”

“Mimi.”

Nekesa, mzee alinitazama. Hajawahi kunitazama hivyo tangu niolewe, na mimi niliinua macho pia. Akasema, “Mama Nekesa, kwa nini hukusema?” Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepoteza kitu bila kujua alikuwa nacho. Nilikuwa nimemhesabia kosa miaka yote, na yeye hakuwa na habari kwamba nilikuwa nainua mkono. Angeniachia. Angeniletea mwenyewe hadi mlangoni. Nililia hapo kidogo, sikufichi, maana ningekuwa fundi, Nekesa, ningekuwa na duka na kibao, na pengine wewe ungejifunza kazi ukiwa umekaa miguuni pangu.

Wiki ijayo baba yako anaenda Tongaren kuichukua. Ina kutu, na kuku atapinga. Nitaitia mafuta, nitakushonea aproni. Itakuwa mbaya. Vaa tu.

Sasa yale mambo ninayotaka uyabebe, yabebe tu kama yanakufaa. Ile bei ya kiganjani ni nzuri sana, iandike kabla hujaingia popote, kwa mwenye nyumba, kwa muuza unga, hata kwa kijana atakayekuja kununua mkate mmoja kila siku na kukaa saa nzima. Ujue utafika wapi na wapi utaweka kalamu chini. Lakini usiwe kama mimi nilivyokuwa, kungojea watu wausome moyo wako. Hawawezi, mwanangu. Hata wanaokupenda hawawezi, wamesimama nje ya mlango wanatazama mawingu. Wengi nimewakasirikia hivyo, na wengine walikuwa wanatafuta kitu kile kile.

Na nimefika kwa lile neno.

Siku uliyoniambia unaenda Bungoma nilikuwa napepeta maharagwe. Nilisema, “Sawa.” Basi. Ulisimama pale ukingoja niongeze, nikaendelea kupepeta. Ukaondoka na uso ule, na nikajua unafikiri sijali, na sikukuita. Ile sawa ilikuwa ni mkono unashuka tena. Sasa niandike, maana nikiandika nimeandika. Nilitaka ubaki. Nilitaka upate kazi hapa Kitale, niwe nakuona ukipita na mwavuli, ulalamike chai haina sukari. Bado nataka. Na ninataka uende, uwashe moto wako, watu wa Bungoma waamke na harufu ya mkate wako waulize ni nani huyu. Hizi mbili zimepandishiana bei ndani yangu mwezi mzima, na hii ya pili imeshinda. Nenda, Nekesa. Kalamu nimeiweka chini.

Mbwa anabweka, nafikiri ni wewe. Ndiyo, nakusikia unamlipa wa boda, unabishana naye. Namalizia.

Babu yako amesema mbele ya watu, kwa sauti, kwamba yeye ndiye alishinda oveni kwa hivyo mkate wa kwanza kutoka ndani yake ni wake, ufungwe upelekwe Tongaren ukiwa moto. Mimi nimemjibu, mbele ya watu hao hao, kwamba nusu ni yangu na mkate wa kwanza ni wangu. Hajanyamaza na mimi sijanyamaza. Mchungaji amekataa kuingilia.

Wa kwanza, Nekesa. Sitaki wa pili. Nautaka.

Mama yako, namba nne.